Matuta, Reli na Wageni: Historia Fupi ya Vijiji vya Cinque Terre

Vijiji vya mapumziko vilivyo kati ya milima na fukwe husifiwa kana kwamba mandhari yake ni zawadi ya maumbile pekee. Historia ya Cinque Terre, katika pwani ya Liguria nchini Italia, inaonyesha vinginevyo. Kwa karne nyingi wakulima wa Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore waligeuza miteremko mikali kuwa matuta, wakayashikilia kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kisha wakapanda mizabibu.

Reli ya kutoka Genova hadi La Spezia, iliyokamilika mwaka 1874, iliviondolea vijiji hivyo upweke. Iliwachukua wanakijiji kwenda kwenye ajira za mjini. Baadaye ikawaleta wageni wa ufukweni. Mwaka 1997 UNESCO iliitambua mandhari hiyo kuwa Urithi wa Dunia, na mwaka 1999 hifadhi ya taifa ikaanzishwa.

Hata hivyo, wakati huo matuta mengi yalikwisha kutelekezwa. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu Vernazza na Monterosso. Chanzo kilikuwa mvua kubwa, lakini matuta yasiyotunzwa yalizidisha udhaifu wa miteremko.

Kwa hiyo, anachokuja kukitazama mgeni ni kazi ya mkulima. Pato la utalii lisipomfikia mjenzi wa ukuta, kijiji huwa kinakula mbegu badala ya mavuno.