Njia za Miguu za Simiyu: Historia Inayotembewa

Vijana wenzangu, likitajwa neno historia wengi wetu tunawaza daftari, tarehe za kukariri na mtihani wa mwisho wa muhula. Lakini katika Mkoa wa Simiyu iko historia nyingine ambayo mtu huisoma kwa nyayo zake. Nasema habari ya njia ya miguu, ile nyembamba ya kupita mmoja mmoja, inayotoka uwanjani, ikakata shamba la pamba, ikazunguka jiwe kubwa na kuteremka mtoni. Hakuna mhandisi aliyekuja kuipima. Imepimwa na mama mwenye ndoo kichwani, na mtoto mwenye fimbo ya kuchungia, na mzee anayekwenda kusalimia ukwe kijiji cha pili.

Makala haya yana neno moja tu. Njia hizi zilichorwa na familia nzima, siyo na wakubwa peke yao, na kila moja imebeba kipande cha maisha yetu. Zikilimwa zikaisha, tutakuwa tumefuta ukurasa ambao haukuandikwa mahali pengine popote.

Tuanze na jina. Kwa lugha ya wenyeji, sukuma maana yake ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Kwa hiyo Msukuma ni mtu wa kaskazini, na jirani zake wa kusini walimwita hivyo kwa sababu ndiko alikotokea. Hebu fikiria, ndugu msomaji: jina la watu wengi kiasi hicho ni jina la mwelekeo! Ni jina la watu waliozoea kusimama njia panda na kuulizana, "Unatoka wapi, unaelekea wapi?"

Huku Bariadi nchi iligawanyika katika tawala za watemi, kama vile Ntuzu, Kanadi na Itilima. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963, lakini majina hayakufutika. Mwaka 2012 mkoa mpya ulipomegwa kutoka Shinyanga, makao yake makuu yakawa Bariadi, na Itilima ikawa wilaya pamoja na Bariadi yenyewe, Maswa, Meatu na Busega. Jina la mkoa halikutoka kwa mtemi wala kwa mlima. Lilitoka kwa mto. Basi nasi tuanzie mtoni.

Mto Simiyu unaanzia upande wa mashariki, kwenye nyika zinazopakana na Serengeti, unaelekea magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, kwenye Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Mgeni akiuona mwezi wa Agosti anaweza kucheka. Ati huu ndio mto? Mbona ni mchanga mtupu na vidimbwi vya hapa na pale! Lakini wenyeji wanajua kwamba maji hayajaenda mbali, yamejificha chini. Mama anachimba shimo kwa mikono, anasubiri, maji yanajaa taratibu, safi kabisa, naye anayachota kwa kata mpaka ndoo inajaa. Punda wanasubiri na madumu yao.

Kwa familia inayotaka kutembea na watoto, hakuna mahali pazuri kupita hapo wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado pole. Bebeni maji, na michembe kidogo ya kutafuna njiani. Wakubwa mnaokutana nao waamkieni, "Mwangaluka!" na watoto waamkie kwanza kabla hawajaulizwa ni wa nani. Mchanga wa mto ni daftari la bure. Kwato za ng'ombe zinajulikana, kwato za mbuzi zinajulikana, na mkokoto wa kenge nao hauna mfano. Mtoto wa miaka sita anaweza kusoma ukurasa huo kabla hajajua kusoma a, e, i, o, u.

Ila masika ikianza, huo mchanga si wa kuchezea hata kidogo. Mvua inaweza kunyesha mbali mashariki, kijijini kwenu jua linawaka, mara mnasikia mto unanguruma. Maji yanashuka kwa mkupuo na yanabeba magogo. Ndiyo maana njia nyingi za zamani hazipiti ndani ya mto, zinapita juu ya ukingo na kuteremka penye kivuko tu. Wazee hawakuandika kanuni za usalama. Waliziweka kwenye njia.

Mwaka 1875 mto huu uliingia katika vitabu vya Ulaya. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300, akafika kando ya ziwa mahali alipopaita Kagehyi tarehe 27 Februari 1875. Njiani alikutana na mto alioandika jina lake Shimeeyu, naye akautangaza kuwa chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini. Baadaye ilijulikana kwamba Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, ndio unaostahili heshima hiyo. Lakini kwa muda fulani, huu mto wetu wa kuchimbia kata ulikuwa unazungumzwa London kama mzizi wa Nile. Si mchezo!

Jambo ninalotaka ulione hapo ni jingine. Stanley hakufyeka barabara mpya kutoka pwani. Alipita kwenye njia za miguu zilizokuwepo, akiongozwa na watu wanaozijua, akinunua chakula kwa watu wanaoishi kando yake. Na msafara wake wenyewe ulikuwa na wanawake na watoto. Katika picha tunaona mzungu na kofia yake. Nyuma yake, nje ya picha, alikuwepo mama anayepika na mtoto anayeuliza, "Tutafika lini?"

Sasa tugeuke tuangalie kusini-mashariki, upande wa Meatu. Huko ndiko ilikopita njia ya chumvi. Kwa miaka mingi Wasukuma walifunga safari kwa miguu hadi Ziwa Eyasi, ambako maji yakikauka huacha magadi na chumvi juu ya ardhi. Walikwenda kiangazi, kwa makundi, wakipita nchi yenye simba, nchi ya Wahadzabe. Kijana aliyekwenda mara ya kwanza alikuwa na miiko yake ya kufuata, na akirudi salama na mzigo wake hakuitwa mtoto tena. Chumvi ile ililiwa nyumbani, ililishwa ng'ombe, na ilibadilishwa kwa nafaka na vitu vingine. Hali kadhalika wengine walielekea pwani, wakiwa wapagazi pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, katika karne ya 19.

Leo chumvi inauzwa dukani kwa pakiti, na hakuna haja ya kumpeleka mtoto Eyasi. Lakini ukitembea naye kwenye njia inayoelekea upande huo, mwambie tu, "Humu walipita vijana kutafuta chumvi." Ugali wa siku hiyo atauonja kwa heshima nyingine.

Upande wa mashariki mambo yalibadilika mapema zaidi. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na Pori la Akiba Maswa likafuata mwaka 1962. Njia zilizokuwa za kuchungia na kuwinda zikaishia kwenye mpaka. Huko si mahali pa matembezi ya familia. Tembo hutoka na kuingia mashambani bila kubisha hodi, na mtu wa miguu hana la kumwambia. Tembeeni upande wa mashamba na malambo. Malambo hayo nayo yana umri wake: mengi yalichimbwa chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947, ili ng'ombe na watu wapate maji kiangazi.

Kuna matembezi mengine ambayo wazazi wengi wanayapita bila kusema neno. Ukiwa njiani utaona minyaa imesimama duara au mraba, imekua mirefu, na katikati hamna nyumba. Pengine kuna mawe ya kusagia yaliyovunjika, pengine mkwaju uliokuwa wa uwanjani. Hayo ni mahame. Zamani Wasukuma hawakukaa kwa mistari. Kila mji ulikuwa na eneo lake, zizi lake na ua wake wa minyaa, na kati ya mji na mji kulikuwa na njia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa ni amri, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikapamba moto mkoani Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake. Watu walihamishwa wakapangwa kando ya barabara.

Nia ilikuwa kusogeza shule, zahanati na maji karibu na watu, na ni kweli watoto wengi walipata shule. Lakini mashamba yalibaki kule kule, na ng'ombe wengi wakakusanyika mahali pamoja. Njia zilizounganisha mji na mji zikaota nyasi, zikazaliwa nyingine, ndefu, kutoka kijijini kwenda kwenye mahame ya baba kulima. Jamani, hapo ndipo historia ilipo! Si lazima mtu aisifu Operesheni wala ailaani. Lakini mtoto anayepita penye minyaa hiyo kila siku ana haki ya kujua ni uwanja wa nani.

Pamoja na miji hiyo zilipotea ngitili nyingi. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikue, kisha yanafunguliwa kiangazi kikikaza. Ni benki ya ng'ombe. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wataalamu hawakuja na dawa ngeni. Waliwarudia wazee wakawauliza kuhusu ngitili. Miti ikaanza kuota tena, na baada ya miaka kama 15 eneo lililorudishiwa uoto lilikuwa limezidi hekta 300,000 mkoa mzima. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Familia ikitembea leo kando ya ngitili, watoto watasikia ndege wengi kuliko waliowasikia wazazi wao wakiwa wadogo, na wataokota matunda ya porini na kuni bila kukata mti.

Basi kama historia yote hii ipo, tatizo liko wapi? Tatizo ni jembe. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, watu wameongezeka, na kila mtu anataka msitari mmoja zaidi. Mwaka huu analima mpaka ukingoni mwa njia, mwaka kesho anailima njia yenyewe. Watoto wa shule wanahamia barabarani, wanagawana lami na malori na bodaboda. Kando ya mto ni hivyo hivyo, japokuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mita 60! Zingeachwa zilivyo, Simiyu ungekuwa na njia ya familia yenye kivuli toka kijiji hadi kijiji, na mchanga usingeporomoka kujaza vivuko.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya matumizi ya ardhi yake. Pale ambapo shamba, malisho na njia ya ng'ombe vinajadiliwa, kijana anaweza kusimama na kuongeza: na njia ya watoto kwenda mtoni, na ile ya mahame, na ile ya ngitili. Lakini atasimamaje kutetea njia asiyowahi kuipita?

Kwa hiyo kiangazi kijacho, siku ya mapumziko, chukueni wadogo zenu, na bibi kama miguu bado inamruhusu. Bibi atangulie, mwendo uwe wake. Penye mkwaju muulizeni palikuwa pa nani, penye kivuko muulizeni nani alisombwa na maji, penye lambo muulizeni nani walichimba. Mmoja wenu awe na daftari. Majina mtakayoandika humo hayajapata kuchapishwa katika kitabu chochote cha shule, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.