Yoga ya Yin

Yoga ya yin ni namna ya yoga inayofanywa polepole, misuli ikiwa imelegea, ambapo mtu hutulia katika mkao mmoja kwa dakika 3 hadi 5, na wazoefu hata zaidi. Karibu mikao yote ni ya kukaa au kulala sakafuni, nayo hulenga hasa nyonga, mapaja na kiuno. Mtindo huu ulizaliwa Marekani. Paulie Zink, bingwa wa sanaa za mapigano za Kichina, alifundisha mazoezi ya Kitao. Mwalimu wa yoga Paul Grilley akachukua upande mtulivu wa mazoezi hayo na kuuoanisha na elimu ya viungo vya mwili na mafundisho ya Mjapani Hiroshi Motoyama. Mwalimu mwingine, Sarah Powers, naye akalieneza jina la yin. Kwa kuwa mtindo huu ni mgeni na mpya, wapo wanaosema hii si yoga halisi. Wanasahau kwamba hata yoga ya ashtanga ya K. Pattabhi Jois wa Mysore, India, pamoja na mfululizo wake wa mikao ya kutoa jasho, ilipata umbo lake la leo katika karne ya 20, ilhali Hatha Yoga Pradipika, andiko la karne ya 15, linaeleza mikao 15 tu, mingi ikiwa ya kukaa.

Pingamizi zito zaidi ni la kimwili. Walimu wengi wa yin hudai kwamba mvuto mdogo wa muda mrefu hurefusha tishu unganishi zinazoshika viungo. Ni kweli tishu hizo hulegea kidogo zikivutwa kwa dakika kadhaa, lakini zikiachwa hurudi zilivyokuwa. Na unyumbufu unaopatikana kwa wiki chache za kujinyoosha hutokana zaidi na mfumo wa neva kuzoea kuvumilia mvuto. Afadhali iwe hivyo, kwani kano iliyorefuka moja kwa moja huacha kiungo kikiyumba. Thamani ya yin basi iko katika kile ambacho mitindo ya kasi haitoi nafasi ya kujifunza: kubaki ndani ya usumbufu mdogo bila kuukimbia. Jaribio la Sweden lililochapishwa 2018, kwa watu wazima wenye msongo, lilionyesha kuwa baada ya wiki 5 za programu ya yin wasiwasi ulipungua, pamoja na kiwango cha homoni ya adrenomedulini katika damu. Hata hivyo washiriki walilinganishwa na wasiofanya programu hiyo, si na wanaofanya yoga ya kasi, kwa hiyo ushindi wa yin dhidi ya mitindo ya kasi haujathibitishwa.

Wala hauhitajiki. Yin haijengi nguvu ya misuli wala haiuchangamshi moyo vya kutosha, hivyo anayeifanya peke yake anajipunja. Wenye viungo vilegevu kupita kiasi wajiegemeze kwenye mito na kuishia kabla ya mwisho wa mkao. Ganzi au maumivu makali ni ishara ya kutoka kwenye mkao. Kwa kuwa kujinyoosha kwa muda mrefu hupunguza nguvu za misuli kwa muda, ni heri yin ifanywe baada ya mazoezi ya kasi, au siku nyingine kabisa.