Uji wa Futari, Newton na Kijana wa Magamba

Magharibi ishaadhiniwa, tende umeshakula, na uji mbele yako bado unatoa moshi. Unaumimina kwenye bakuli pana upoe haraka. Je, wajua ni kwa nini unapoa?

Mwaka 1701 Isaac Newton alichapisha makala kwa Kilatini, tena bila jina lake, akieleza kwamba kasi ya kitu kupoa hufuata tofauti ya joto baina yake na hewa iliyokizunguka. Chai ya digrii 90 katika chumba cha digrii 30 hupoa mbio. Ikifika 60, tofauti imebaki nusu, na kasi nayo nusu. Kwa hiyo ukitaka chai ya rangi ikungoje ikiwa moto, tia maziwa baridi sasa hivi, usingoje mwisho! (Wengi hudhani ni kinyume.)

Lakini kanuni hiyo si hadithi yote. Miaka ya 1760 Joseph Black wa Uskoti alionyesha kwamba maji yakigeuka mvuke huondoka na joto jingi lililojificha. Gramu 1 tu ya mvuke hubeba joto la kutosha kushusha gramu 500 za maji kwa digrii 1, na zaidi. Ndiyo siri ya bakuli pana.

Sasa njoo hapa jirani, Tanganyika, mwaka 1963. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenziwe. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa inajaa, basi yeye akaona heri ayatie yakiwa moto vilevile. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne. Wanafunzi wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, jambo likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa Uingereza.

Kumbe Aristotle naye alikwisha kuandika kwamba maji yaliyopashwa moto huganda upesi, ila wasomi walikuwa wameshasahau.

Sababu je? Wengine husema ni mvuke unaopunguza maji, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine barafu iliyo chini ya chombo kuyeyuka na kukigusisha vizuri na ubaridi. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Hata mahali kipimajoto kilipowekwa kwaweza kubadilisha jibu. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakaiona athari hiyo waziwazi, lakini kwa chembe ndogo mno zinazoelea majini, si kwa maziwa. Huko kote bado inaitwa kwa jina la Mpemba.