Usimamizi wa Kanzidata za Serikali na Usambazaji wa Taarifa za Mabadiliko Yake Nchini Tanzania, 1965–2022: Mtazamo Kutoka Shelui, Wilaya ya Iramba

1. Utangulizi

Shelui ni kata ya Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, iliyoko chini ya mlima Sekenke, mahali ambapo barabara kuu itokayo Singida huteremka kutoka nyanda za juu za Iramba na kuingia katika tambarare ya Wembere kuelekea Igunga na Nzega. Katika historia ya uchumi eneo hili hutajwa kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulifunguliwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na dhahabu yake ilitumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Katika historia ya kompyuta nchini, jina la Shelui halitajwi.

Ukimya huo unatokana na namna historia yenyewe ilivyoandikwa. Maandishi mengi kuhusu Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) yamefuata mahali mashine zilipofungwa: Hazina, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabenki na makao makuu ya mashirika ya umma. Insha hii inafuata njia tofauti. Inachunguza jinsi taarifa za mabadiliko ya mifumo, yaani matoleo mapya ya programu, fomu mpya, masharti mapya na viraka vya usalama, zilivyowafikia watu wanaotunza na kutumia kanzidata, na jinsi taarifa za mabadiliko ya hali halisi zilivyorudi kutoka kwa watu hao kwenda katika kanzidata. Hoja inayojengwa ni kwamba kanzidata ya Serikali huharibika pale mojawapo ya njia hizo mbili inapokatika, hata kama mashine ni mpya na umeme upo. Njia ya pili ndiyo iliyopewa uzito mdogo zaidi, na gharama yake imekuwa kubwa.

2. Hazina, kompyuta ya kwanza na katazo la mwaka 1974

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Kazi yake ilikuwa ya kihasibu, na taarifa ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta ulitegemea kwa kiasi kikubwa wataalamu wa kigeni, nao ulikumbwa na matatizo mazito ya usahihi na ucheleweshaji. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Katazo hilo lililegezwa hatua kwa hatua, na likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Katazo hili mara nyingi limeelezwa kama hatua ya kubana matumizi ya fedha za kigeni, au kama hofu ya Serikali ya kijamaa dhidi ya teknolojia. Maelezo ya kwanza yana uzito, kwa kuwa kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwishoni mwa mwaka 1973 kuliibana sana nchi. Hata hivyo, hayatoshi. Mashine iliyoshindwa Hazina haikuwa na kasoro ya kiufundi isiyotibika. Kilichokosekana ni watumishi wa ndani wa kutosha waliojua mfumo umejengwaje, ukibadilika unabadilikaje, na kosa likitokea litafutwe wapi. Mtaalamu wa mkataba alipoondoka, aliondoka na ujuzi huo.

Wakati wa katazo ulikuwa na matokeo yake. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu kote nchini. Dola ilihitaji kuhesabu, kuorodhesha na kupanga kuliko wakati mwingine wowote tangu Uhuru, ilhali ilijifungia mlango wa chombo cha kuhesabia. Kazi ikabaki kwa daftari la rejista. Katika maeneo kama Shelui, mabadiliko yaliarifiwa kwa waraka uliosafiri kutoka wizarani hadi mkoani, kutoka mkoani hadi Kiomboi, yaliko makao makuu ya wilaya, na kutoka Kiomboi hadi kwa mtendaji. Njia hiyo ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa na sifa moja: waraka ulikuwa na namba, tarehe na mtu wa kuupokea. Ilijulikana nani amearifiwa na lini.

3. Kanzidata zaingia wilayani

Kuondolewa kwa katazo kulikwenda sambamba na mageuzi mawili. La kwanza lilikuwa la afya, ambapo Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA) ulienezwa nchini katika miaka ya 1990 kwa vitabu vyenye namba, na kila zahanati ikawajibika kujaza na kutuma muhtasari wilayani. La pili lilikuwa la fedha. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo Hazina ilijenga mfumo wa pamoja wa usimamizi wa fedha juu ya programu ya kigeni ya Epicor, ambao baadaye ulifikishwa katika halmashauri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri zilipata pia PlanRep, programu ya mipango na bajeti iliyoandaliwa na Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

PlanRep ya awali inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaonesha tatizo lote kwa ufupi. Ilikaa ndani ya kompyuta ya halmashauri, kila halmashauri ikiwa na nakala yake. Programu ya namna hiyo inapobadilishwa, mabadiliko lazima yabebwe hadi kwenye kila nakala. Halmashauri isiyopata toleo jipya huendelea kufanya kazi bila kuonekana ina kasoro yoyote: skrini inafunguka, namba zinaingia, taarifa inachapishwa. Kasoro hujitokeza pale tu takwimu za halmashauri nyingi zinapounganishwa na kubainika kuwa mafungu hayalingani. Tofauti na waraka, toleo la programu halikuwa na rejista ya kuonesha nani amelipokea.

4. Funzo la kimataifa: Januari 2003

Udhaifu huo haukuwa wa Tanzania peke yake. Kanzidata za kisasa zinatokana na nadharia ya majedwali yanayohusiana, iliyotolewa na E. F. Codd mwaka 1970, na kampuni kama Oracle, iliyoanzishwa mwaka 1977, ziliigeuza nadharia hiyo kuwa bidhaa ya biashara. Kadiri bidhaa hizo zilivyoenea, msimamizi wa kanzidata aliongezewa kazi ambayo haikuwamo katika mafunzo yake ya awali: kufuatilia daima kilichobadilika.

Tukio lililoweka wazi uzito wa kazi hiyo ni kirusi cha Slammer cha tarehe 25 Januari 2003, kilichoshambulia seva za kanzidata aina ya SQL Server. Seva zipatazo 75,000 ziliambukizwa, nyingi kati ya hizo katika dakika kumi za mwanzo. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa kilikuwa kimetolewa na Microsoft Julai 2002, miezi sita kabla. Dawa ilikuwapo, walioathirika ni wale ambao habari yake haikuwafikia, au iliwafikia wasiifanyie kazi. Oktoba mwaka huo Microsoft ilianza kutoa viraka kwa ratiba ya kila mwezi, na Januari 2005 Oracle ikaanza utaratibu wa kila robo mwaka. Watengenezaji walikiri kwa vitendo kwamba taarifa ya mabadiliko inahitaji kalenda.

Kwa halmashauri ya wilaya, kalenda hiyo ilileta mzigo mpya. Ilidhani kuwapo kwa afisa mwenye muda, intaneti ya uhakika na uwezo wa kusoma maelezo ya kiufundi kwa Kiingereza. Intaneti ya nchi kabla ya mwaka 2009 ilitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa, ikiwa ghali na ya kasi ndogo. Kebo ya baharini ya SEACOM iliyowashwa Julai 2009, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliofikishwa katika makao makuu ya mikoa, ndiyo iliyobadilisha hali hiyo.

5. Mfumo mmoja, toleo moja

Kuongezeka kwa kasi ya mtandao kuliruhusu suluhisho la kimuundo: badala ya kubeba matoleo hadi wilayani, wilaya zilitumia kanzidata moja iliyokaa mahali pamoja. Wizara ya Afya ilisambaza nchi nzima mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usambazaji huo ulikamilika mwaka 2013. Septemba 2017 PlanRep mpya ya mtandaoni ilizinduliwa mjini Dodoma, pamoja na mfumo wa FFARS wa kuhasibu fedha katika ngazi ya kituo cha kutolea huduma. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa mwaka 2012, iligeuzwa kuwa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, ikapewa nguvu ya kuweka viwango kwa taasisi zote za umma.

Mafanikio ya muundo huu hayapaswi kupuuzwa. Toleo linapobadilishwa mara moja, limebadilika kwa wote. Hata hivyo, kilichobadilika ni programu, mtu hajabadilika. Muuguzi wa zahanati katika tarafa ya mbali anaendelea kujaza kitabu cha MTUHA kwa kalamu, na takwimu huingizwa katika DHIS2 baadaye. Fomu ya mtandaoni ikiongezewa safu ambayo kitabu chake hakina, mwingizaji takwimu atalazimika ama kuiacha wazi ama kukisia. Katika hali zote mbili kanzidata itapokea jibu, na mchambuzi aliyeko Dodoma hataweza kutofautisha sifuri ya kweli na sifuri ya kutojua. FFARS nayo ilishusha kazi ya uhasibu hadi kwa mkuu wa zahanati au mwalimu mkuu, watu ambao taaluma yao ni nyingine. Kwao, habari ya toleo jipya isipotolewa kwa lugha wanayoitumia kazini inakuwa sawa na habari ambayo haikutolewa.

6. Taarifa zinazopanda: suala la watumishi hewa

Mjadala wa kufuatilia mabadiliko ya mifumo kwa kawaida hutazama upande mmoja, kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa mtumiaji. Uhakiki wa watumishi wa umma wa mwaka 2016 ulionesha upande wa pili. Serikali ilitangaza kuwaondoa katika orodha ya malipo watumishi hewa zaidi ya 10,000. Orodha hiyo haikuwa katika madaftari. Ilikuwa katika mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara uliojengwa juu ya programu ya kigeni ya Lawson. Programu ilifanya ilichoagizwa, kumlipa kila aliyeorodheshwa. Kilichokosekana ni taarifa kutoka vituo vya kazi kwamba fulani amefariki, amestaafu, ameacha kazi au hajawahi kuwapo. Baadhi ya taarifa hizo zilichelewa, na nyingine zilifichwa kwa makusudi.

Tukio hili lina maana kubwa kwa mahali kama Shelui. Anayejua kwamba mwalimu amestaafu si msimamizi wa kanzidata wa wizara. Ni mwalimu mkuu, mtendaji wa kata na majirani. Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilidhihirisha jambo hilo kwa njia njema. Makarani walitumia vishikwambi, lakini waliongozwa nyumba kwa nyumba na wenyeviti wa vitongoji na mitaa. Kishikwambi kilijua maswali, na mwenyekiti alijua kaya.

7. Hitimisho

Katika miaka 57 iliyochunguzwa, Tanzania ilitoka katika kompyuta moja ya Hazina hadi mifumo inayogusa kila zahanati na shule. Katika kila hatua, kikwazo kilichojirudia ni taarifa kutomfikia mtu anayepaswa kuitumia. Mwaka 1974 ujuzi ulikuwa kwa mgeni aliyeondoka; katika zama za PlanRep ya kwanza ulibaki kwenye nakala ambayo haikubebwa; mwaka 2016 ulikuwa vijijini na haukupanda.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, mabadiliko ya mfumo wa umma yanastahili kutangazwa kwa Kiswahili, yakiwa na namba, tarehe na uthibitisho wa kupokelewa, kama waraka wa zamani ulivyokuwa. Hilo limekuwa suala la kisheria pia tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, kwa kuwa taarifa za mtu zinazotunzwa katika mfumo usiohuishwa ni taarifa zisizolindwa. Pili, mtumishi wa ngazi ya chini anapaswa kutambuliwa kuwa sehemu ya usimamizi wa kanzidata, na kupewa njia rasmi ya kusahihisha kilichoandikwa juu ya eneo lake. Pasipo hilo, mifumo itaendelea kuwa mipya Dodoma na kuchakaa chini ya mlima Sekenke.