Kwa Nini Bei Hazilingani: Habari za Njia za Mwanza

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalolalamikiwa na wengi, lakini wachache wamelichunguza asili yake: kwa nini kitu kile kile kina bei moja pwani na bei nyingine Mwanza.

Tuanze Kirumba, katika soko la samaki la Mwaloni. Hapo dagaa wakavu ni rahisi kuliko Dar es Salaam, na petroli ni ghali kuliko Dar es Salaam. Mambo ni mawili, sababu ni moja. Dagaa huvuliwa hapa na kupelekwa kule. Petroli hushushwa bandarini kule na kuletwa hapa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Kila kitu huongezewa nauli yake, na mwenye kukaa mwisho wa njia ndiye ailipaye.

Hapo kale nauli hiyo ilikuwa mgongo wa mtu. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, akafika Kageyi, kijiji cha ufuoni mashariki ya Mwanza, mwisho wa Februari 1875. Ndiyo zaidi ya siku 100. Siku zote hizo wapagazi hula, na chakula chao hununuliwa kwa nguo na shanga zile zile walizochukua, na wakuu wa njiani nao hutaka hongo yao. Basi nguo iliyofika ziwani ilikuwa imekwisha kulipa mengi kabla ya kuuzwa.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikaanza kuchukua shehena ziwani. Mwanza ilikuwa chini ya Wadachi, na reli ile ilikuwa ya Waingereza. Lakini mfanyabiashara hafuati bendera, hufuata njia rahisi. Ngozi, karanga na pamba za Usukuma zikaenda Mombasa kwa njia ya Kisumu, na bidhaa zikarudi kwa njia hiyo. Wadachi nao walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Tabora hata Mwanza lilimalizika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Husemwa kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Watu wa Mwanza ziliwafaa, maana mwenye duka aliweza kuchagua njia isiyomtoza sana. Ndivyo bei za miji zinavyokaribiana.

Lakini njia hukatika pia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hata mwaka 1983. Njia ya Kisumu ikafa, na katikati ya hayo vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979.

Katika miaka ile ile Serikali ilijaribu kuushinda umbali kwa sheria. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na mazao kama mahindi yakawekewa bei moja nchi nzima. Nia ilikuwa njema: mkulima wa Rukwa au Ruvuma asipunjwe kwa sababu tu anakaa mbali. Na kweli wakulima wa huko waliongeza mahindi. Walakini nauli haikufutika. Ilihama tu kutoka mfukoni mwa mkulima, ikawa deni la Shirika la Usagaji la Taifa. Madukani nako bei ya sabuni na sukari ilikuwa ndogo katika karatasi, lakini rafu zilikuwa tupu, na magendo yakastawi. Katikati ya miaka ya 1980 amri zile zikaanza kulegezwa. Twajifunza hapa kwamba bei ndogo ya kitu kisichopatikana si bei.

Siku hizi mafuta yana utaratibu mwingine. EWURA, chombo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa kwa kila mji, na umbali kutoka bandarini umo ndani ya hesabu. Nauli haifichwi, bali muuzaji hana ruhusa kupita kiasi kilichotajwa. Mwaka 2022, bei ya dunia ilipopanda sana baada ya vita vya Ukraine, Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 za ruzuku kuanzia mwezi wa Juni, ili kuupunguza mzigo huo.

Sasa mtazameni mvuvi wa Ukerewe au Ukara. Petroli ya mashine yake imevuka nchi nzima, kisha ikavuka na maji: nauli imeongezwa. Dagaa wake, mchuuzi akiwanunua, huwapimia bei ya Mwanza na kutoa gharama ya kuwavusha: nauli imepunguzwa. Hivyo mtu yule mmoja hulipia umbali mara mbili, anunuapo na auzapo. Kwa hiyo njia ikifupishwa, faida yake nayo humjia mara mbili. Ndiyo maana daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 mahali pa kivuko, si jambo la fahari tu. Ni senti katika kila mzigo uendao Sengerema na Geita.

Basi, ninyi wanafunzi, msikiapo bei imepanda, msikimbilie kumlaumu mwenye duka, wala msimwamini bila kuuliza. Ulizeni: kitu hiki kimetoka wapi? Kimepita njia gani? Na nauli yake nani ameilipa? Akijibu vema, mmepata elimu. Asipoweza kujibu, huenda amejiongezea mwenyewe. Kwa herini.