Ngoro za Wamatengo: Bustani za Mitelemko ya Mbinga

Katika Uingereza ya karne ya 18 na 19, matajiri wa mashambani walizungushia bustani zao za mboga kuta ndefu za matofali zilizotunza joto la jua dhidi ya baridi, ilhali katika milima ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, inayotazama Ziwa Nyasa, adui wa mkulima alikuwa maji ya mvua yanayoporomoka na udongo. Wamatengo, waliobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katikati ya karne ya 19, waliyakabili kwa ngoro, yaani mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu na kuzungukwa na matuta.

Kazi huanza mvua zinapokaribia kwisha: wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana kama nyavu, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo, wakipanda maharage juu ya matuta hayo. Majani yanayooza huwa mbolea ya mahindi ya msimu unaofuata, na shimo hunasa maji pamoja na udongo. Ni uhandisi wa hali ya juu, na sifa nyingi zawastahili wanawake, wenye jembe.

Kahawa, iliyoingia miaka ya 1920, ilileta fedha na kupandwa karibu na nyumba, lakini chakula kiliendelea kutoka kwenye ngoro. Wataalamu wa kilimo wanaoingia Mbinga na waanze kwa kujifunza kwa wakulima hao.