Pambizo ya Kulia: Historia Fupi ya Kunyoosha Mistari katika Maandishi ya Kiswahili

Mwalimu mmoja mwanafunzi niliyekwenda kumkagua katika mazoezi ya ufundishaji alikuwa ameandaa karatasi nzuri ya ufahamu. Hadithi ilikuwa fupi, imepigwa kwa kompyuta katika safu mbili, na kila safu imenyooka kushoto na kulia kama ukuta uliopimwa kwa timazi. Mtoto wa kwanza akasimama kusoma. Akasoma "Walipokutana", akanyamaza. Tukangoja. Akaendelea, "hawakusalimiana", akanyamaza tena. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Mwalimu akaniambia baadaye, kwa masikitiko, kwamba watoto wale hawajui kusoma Kiswahili. Nikaiomba ile karatasi. Katika mstari ule mlikuwa na maneno mawili tu, moja limebandikwa ukingo wa kushoto na jingine ukingo wa kulia, na katikati pengo ambalo neno zima lingeweza kukaa. Watoto walikuwa wamesoma sawasawa na walichokiona: neno, kisha kimya.

Makala haya yanahusu pengo hilo. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, karatasi tunazoziandaa zinasomwa na watoto wengi ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Hatuna budi kujiuliza desturi hii ya kunyoosha pambizo zote mbili tuliitoa wapi, na waliotutangulia waliilipia kwa gharama gani.

Kwanza hesabu ndogo. Maneno yale mawili, "Walipokutana hawakusalimiana", yana herufi 27 na nafasi moja kati yake. Mwingereza husema jambo hilohilo kwa maneno 9, yenye nafasi 8. Mashine inapotaka kuvuta mstari ufike ukingo wa kulia, kwa Kiingereza ziada inagawiwa nafasi 8, kila moja ikapata kidogo, na jicho halitambui. Kwa Kiswahili ziada yote inaangukia nafasi moja. Lugha yetu huambatanisha nafsi, wakati, ukanushi na urejeshi katika neno moja. Kwa hiyo tuna maneno marefu na nafasi chache. Kanuni iliyokomaa katika lugha ya maneno mafupi haiwezi kuhamishiwa kwetu bila marekebisho.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ukingo ulionyooka ni mgeni kwetu. Waandishi wa pwani waliotumia hati za Kiarabu waliujua vizuri. Katika hati hizo mstari huanzia kulia, na mwandishi anayetaka ufike ukingo wa kushoto haongezi nafasi kati ya maneno. Huvuta mkono wa herufi yenyewe: kiungo kati ya herufi mbili hurefushwa, neno likajinyoosha pasipo kukatika. Pengo halipatikani, kwa kuwa wino umelijaza. Neno pia halikatwi mwishoni mwa mstari.

Ustadi huo ulionekana zaidi katika tenzi. Miswada mingi ya tenzi iliandikwa ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto, huku alama ndogo ya pambo ikivitenga. Fikiri maana yake kwa msomaji. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne ndicho chenye kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Ubeti ukikaa katika mstari mmoja, kina cha bahari huteremka kwenye ukingo wa kushoto, ubeti baada ya ubeti, kama shanga katika uzi. Muhammadi Kijuma wa Lamu, aliyenakili tungo nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, alikuwa fundi wa kazi ya namna hii. Kwa waandishi kama yeye, mpangilio wa mistari ulikuwa sehemu ya kusoma ushairi wenyewe.

Tungo hizo zilipohamishiwa hati za Kirumi, ubeti uligeuzwa ukawa mistari minne inayopangana, kila kipande na mstari wake. Mwanzo wa vipande ukanyooka kushoto, mwisho ukaachwa wazi. Nadhani hasara ilikuwapo, maana bahari haionekani tena kwa mtazamo mmoja. Lakini waliofanya hivyo angalau hawakuuvuta mstari kwa nguvu.

Upande wa pili wa historia yetu ni uchapaji wa Ulaya. Biblia ya mistari 42 ambayo Johannes Gutenberg aliichapa Mainz, Ujerumani, mnamo 1455, ina safu mbili katika kila ukurasa, na safu hizo zimenyooka ajabu. Gutenberg aliigiza miswada ya mkono iliyokuwa ikithaminiwa wakati wake. Alifanikiwa kwa njia tatu: alitumia vifupisho vingi vya Kilatini, alichonga herufi ileile kwa upana tofauti ili achague inayotosha, na alikata maneno mwishoni mwa mstari kwa kistari. Tangu mwanzo, basi, ukingo ulionyooka na neno lililokatwa ni ndugu wa tumbo moja.

Uchapaji huo ulifika Zanzibar pamoja na misheni ya UMCA. Edward Steere aliwasili huko mwaka 1864 akifuatana na Askofu Tozer, na misheni ikaendesha kiwanda kidogo cha chapa ambamo vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Kutoka misheni hiyo lilitoka gazeti la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888. Yafaa tuifahamu kazi ya mpanga herufi wa risasi. Alishika kifaa mkononi, akapanga herufi moja moja mpaka mstari ukaribie kujaa. Hapo ndipo alipoamua: neno linalofuata liingie zima, likatwe, au lisubiri mstari wa chini? Baada ya uamuzi huo alitoa vipande vya nafasi na kuweka vingine vyembamba au vinene zaidi, hadi mstari ukabane barabara. Kila mstari ulipita katika macho na vidole vya mtu. Mashine ya Linotype, iliyoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilirahisisha sehemu ya mwisho kwa kutumia kabari zilizosukumwa juu ili kupanua nafasi zote za mstari kwa pamoja. Uamuzi wa kukata neno ulibaki kwa mwendeshaji.

Hata Ulaya wapo waliochoshwa na mila hiyo. Eric Gill, mchonga herufi wa Uingereza, alitoa mwaka 1931 kitabu kidogo kuhusu uchapaji ambamo alidai kwamba nafasi zilizo sawa kati ya maneno zina faida kubwa kwa msomaji kuliko mistari iliyo sawa kwa urefu. Akakipanga kitabu chenyewe hivyo, ukingo wa kulia ukiwa umeachwa wazi.

Ofisi na vyuo vyetu vilikuwa vimefika hapo bila falsafa yoyote. Mashine ya kupigia chapa ya kawaida hutoa kila herufi kwa upana mmoja, na nafasi vilevile. Kengele ikilia, mpiga chapa anarudisha gari na kuanza mstari mpya. Ukingo wa kulia unapanda na kushuka. Tasnifu nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa namna hiyo, na sijapata kusikia kwamba zilikosa heshima kwa sababu hiyo.

Kompyuta ilipoingia ikatupa ukingo wa kulia kwa kubonyeza kitufe mara moja. Lakini ilituachia nusu ya kazi. Programu za kuandikia tunazotumia kwa kawaida hazikati maneno mpaka ziamriwe, na nyingi huamua mstari mmoja mmoja bila kutazama aya nzima. Donald Knuth, mtaalamu wa Marekani aliyeanzisha programu ya TeX mwaka 1978, alionyesha njia bora: mwaka 1981 yeye na Michael Plass walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kupima aya yote kabla ya kuamua mistari ivunjwe wapi. Anayepiga tasnifu katika ofisi zetu hana TeX. Ana kitufe. Kwa hiyo anapata ukingo wa Gutenberg bila kistari cha Gutenberg, na ukurasa unapitiwa na vichirizi vyeupe ambavyo wachapaji huviita mito.

Mwaka 2008 mwongozo wa kimataifa wa kurasa za tovuti zinazoweza kusomwa na watu wenye ulemavu, WCAG 2.0, uliweka katika ngazi yake ya juu kabisa sharti kwamba maandishi yasinyooshwe pambizo zote mbili, kwa kuwa mito hiyo huwasumbua baadhi ya wasomaji. Nami nakumbuka mwanafunzi aliyerudishiwa tasnifu kwa sababu ukingo wa kulia haukunyooka! Hakuna aliyemwambia neno juu ya mapengo yaliyojaa katika nakala ya pili.

Kama ni lazima kunyoosha, basi tukate maneno, na Kiswahili hakina ugumu hapo. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo kistari hufuata irabu: ki-tabu, nyu-mba, ng'o-mbe. Tusitenganishe mb, nd, ny, ng', sh wala mw. Maneno ya mkopo hukatwa baada ya konsonanti inayofunga silabi: lab-da, mak-taba. Tatizo ni kwamba programu ikidhani tunaandika Kiingereza itafuata silabi za Kiingereza. Nimewahi kuona "mwanaf-unzi" katika kitabu kilichokwisha kuchapwa. Na shairi lisinyooshwe kabisa. Ukibonyeza kitufe kile juu ya ubeti ambao mistari yake umeivunja ndani ya aya moja, utaona mshororo ukitawanyika ukurasa mzima, na ukwapi na utao haujulikani unapoachana.

Ile karatasi ya ufahamu tuliipanga upya jioni ileile, mimi na yule mwalimu. Tuliacha safu mbili, tukaegemeza mistari kushoto, herufi hatukuzigusa. Mahali pawili, mstari ulipokuwa mfupi mno, tuliweka kistari kwa mkono. Kesho yake watoto walisoma mfululizo hadi katikati ya ukurasa, ambapo mmoja alisimama, akainua karatasi na kuuliza kwa nini watu hawa walipika wali. Tulikuwa tumekata vibaya: "wali-" ilikuwa imebaki juu, "pokutana" imeshuka chini. Silabi zilikuwa sahihi. Mwalimu alichukua kalamu, akafuta kistari, akaandika neno zima kwenye mstari wa chini.